Édouard Lucas

François Édouard Anatole Lucas (Amiens, Ufaransa, 4 Aprili 1842 – Paris, 3 Oktoba 1891) alikuwa mwanahisabati na mwalimu wa shule za sekondari nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kazi yake juu ya namba tasa. Mwaka 1876 alitangaza kwamba namba fulani yenye tarakimu 39 ni tasa, na kwa muda wa miaka 75 hakuna aliyepata namba tasa kubwa kuliko hiyo. Mwaka huohuo alionyesha kwamba namba nyingine, yenye tarakimu 21, si tasa, ingawa hakuweza kutaja kigawo chake hata kimoja. Watu wengi wamekutana na kazi yake bila kujua jina lake, kwa kuwa ndiye aliyetunga mchezo wa Mnara wa Hanoi.

Maisha

Lucas alizaliwa katika mji wa Amiens, kaskazini mwa Ufaransa. Alisoma katika chuo cha École Normale Supérieure mjini Paris, ambacho kilikuwa kikiandaa walimu na wataalamu bora wa nchi hiyo. Baada ya masomo alipata kazi katika kituo cha kuchunguza nyota cha Paris. Mkuu wa kituo wakati huo alikuwa Urbain Le Verrier, aliyepata sifa mwaka 1846 kwa kukokotoa mahali ilipo sayari ya Neptuni kabla haijaonekana kwa darubini. Kazi ya wasaidizi wa hapo ilikuwa hesabu ndefu za mkono, siku baada ya siku.

Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, Lucas alitumikia jeshi kama afisa wa kikosi cha mizinga. Ufaransa ilishindwa. Baada ya vita hakurudi kwenye nyota, bali alikwenda kufundisha hisabati katika shule ya sekondari ya mji wa Moulins, mbali na Paris. Baadaye alihamia Paris na kufundisha katika shule za Charlemagne na Saint-Louis. Aliendelea na ualimu hadi kifo chake. Hakupata kuwa profesa wa chuo kikuu, na sehemu kubwa ya yale yanayoelezwa hapa chini aliyafanya baada ya vipindi na kusahihisha madaftari.

Namba za Mersenne

Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Mkulima wa Mufindi mwenye miche 91 ya chai anaweza kuipanga katika mistari 7 yenye miche 13 kila mmoja. Akiongezewa 6 ikawa 97, hawezi tena kuipanga kwa mistari iliyo sawa, labda aipande yote katika mstari mmoja. 97 ni tasa, wakati 91 ina vigawo tasa 7 na 13. Kila mwanafunzi aliyewahi kutafuta kigawo kikubwa cha shirika anajua kuvunja namba ndogo namna hii. Ugumu huanza namba inapokuwa ndefu, kwa sababu njia ya shuleni ya kujaribu 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea huchukua muda usiovumilika.

Kwa karne nyingi wanahisabati walipendelea kuchunguza namba zinazopatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe mara kadhaa na kisha kutoa 1: yaani 3, 7, 15, 31, 63, 127 na kuendelea. Kipeo kikiwa si tasa, namba yenyewe pia haiwezi kuwa tasa. Kipeo kikiwa tasa, inawezekana ikawa tasa, lakini si lazima: 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Namba hizi zina thamani ya pekee kwa sababu kila moja iliyo tasa hutoa namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote visipohesabiwa yenyewe, kama 6 (1 + 2 + 3) na 28 (1 + 2 + 4 + 7 + 14). Jambo hilo lilijulikana tangu Euklides, aliyefundisha Aleksandria nchini Misri.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alichapisha orodha ya vipeo ambavyo, kwa maoni yake, hutoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakutoa uthibitisho. Tangu hapo namba hizi huitwa namba za Mersenne, na kwa kifupi huandikwa M67, M127 na kadhalika. Mwaka 1772 Leonhard Euler alithibitisha kwamba M31, yaani 2,147,483,647, ni tasa kweli. Zaidi ya hapo orodha ya Mersenne ilibaki kuwa madai tu kwa miaka mia moja mingine.

Euler alisaidiwa na ukweli mmoja: kipeo p kikiwa tasa na si 2, kigawo chochote tasa cha namba ya Mersenne lazima kizidi kwa 1 kigawe fulani cha 2p. Kwa M11 vigawe vya 22 vinahusika, na kweli 23 ni 22 + 1, na 89 ni 4 × 22 + 1. Hilo hupunguza sana idadi ya vigawo vya kujaribu, lakini kwa M127 halitoshi kabisa. Mtu angelazimika kujaribu vigawo vya umbo hilo hadi kufikia namba yenye tarakimu 20. Akijaribu kimoja kila sekunde, usiku na mchana, angemaliza baada ya miaka zaidi ya bilioni 1.6.

Njia ya Lucas

Lucas aliacha kutafuta vigawo. Alianza na mfuatano ambao Leonardo wa Pisa aliutaja katika kitabu chake cha mwaka 1202: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Lucas ndiye aliyeufanya ujulikane kwa jina la mfuatano wa Fibonacci. Pembeni yake aliweka mfuatano mwingine unaofuata kanuni ileile lakini unaanza na 2 na 1: 2, 1, 3, 4, 7, 11, 18, 29, 47. Huu wa pili leo huitwa namba za Lucas. Alichunguza ni namba zipi tasa zinazogawa namba za mifuatano hii, na zinatokea nafasi ya ngapi, akagundua kwamba nafasi hizo zinaweza kutumika kupima kama namba kubwa ni tasa.

Kwa namba za Mersenne ambazo kipeo chake kikigawanywa kwa 4 hubakiza 3 (na hivyo ndivyo ilivyo kwa 67 na 127), kipimo ni rahisi kukieleza. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, kisha toa 2. Jibu likizidi namba inayochunguzwa, ligawanye kwa namba hiyo na uchukue baki peke yake. Rudia. Idadi ya marudio ni pungufu kwa 2 kuliko kipeo. Mwishoni ukipata 0, namba ni tasa. Usipopata 0, si tasa.

Tuchukue M7, yaani 127. Kipeo ni 7, basi marudio ni matano. Kutoka 3 tunapata 7, kisha 47. Mraba wa 47 ukiondoa 2 ni 2,207, na ukigawanywa kwa 127 hubaki 48. Kutoka 48 tunapata 2,302, baki 16. Kutoka 16 tunapata 254, ambayo ni 127 mara mbili kamili, hivyo baki ni 0. Namba 127 ni tasa. (Msomaji ataona kwamba 3, 7, 47 na 2,207 zote ni namba za Lucas.)

Tukijaribu M11, yaani 2,047, marudio ni tisa, na mabaki yanafuatana hivi: 7, 47, 160, 1034, 620, 1609, 1471, 160, 1034. Yameanza kuzunguka yale yale na sifuri haikupatikana. Kwa hiyo 2,047 si tasa. Inafaa kusimama hapa na kutazama vizuri kilichotokea. Katika hesabu yote hii namba 23 na 89 hazikuonekana popote. Tumejua kwa hakika kwamba namba inavunjika, na bado hatujui inavunjika wapi. Wanafunzi wengi huona jambo hili halieleweki mara ya kwanza, na si ajabu, maana shuleni tumezoea kwamba kuonyesha kuwa namba si tasa ni sawa na kukitaja kigawo chake. Lucas ndiye aliyeyatenganisha mambo haya mawili kwa vitendo, akitumia namba kubwa.

Kazi ngumu katika njia hii ni kuzidisha na kugawanya. Lucas alielewa kwamba kugawanya kwa namba ya Mersenne ni kwepesi sana kama namba zimeandikwa kwa 0 na 1 tu. Mfano wa mfumo wetu wa kawaida utasaidia: ukitaka baki la 4,371 ikigawanywa kwa 99, huna haja ya kugawanya. Jumlisha tarakimu mbilimbili: 43 + 71 = 114, kisha 1 + 14 = 15. Baki ni 15. Namba 99 ni 100 kasoro 1, na ndiyo sababu njia hiyo inafanya kazi. Namba za Mersenne ni hivyohivyo katika mfumo wa 0 na 1: ni kipeo cha 2 kasoro 1. Sehemu ya kushoto inakatwa na kujumlishwa na ya kulia, basi. Lucas alieleza jinsi hesabu ya M127 inavyoweza kufanywa kwenye ubao unaofanana na wa sataranji, wenye miraba 127 kwa 127, ambapo kete ikiwapo ni 1 na isipokuwapo ni 0. Kuzidisha kunageuka kuwa kusogeza kete safu kwa safu, kama mchezo wa drafti.

Namba ya tarakimu 39

Kwa njia hiyo, mwaka 1876, Lucas alitangaza kwamba M127 ni tasa. Ikiandikwa yote ni

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727.

Ili kuifikia kulihitajika marudio 125, na karibu kila mara namba yenye tarakimu zipatazo 38 au 39 ikizidishwa kwa yenyewe. Namba tasa kubwa iliyojulikana kabla yake ilikuwa na tarakimu 13 tu. Ilikuwa imepatikana na Mfaransa Fortuné Landry mwaka 1867, naye alifuata njia ya kutafuta vigawo. Kuruka kutoka tarakimu 13 hadi 39 kwa mara moja si jambo la kawaida katika historia ya hisabati.

M127 ilidumu kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi mwaka 1951, ilipopitwa na namba zilizopatikana kwa mashine za kukokotoa. Hadi leo ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizowahi kuthibitishwa kwa mkono bila mashine yoyote. Namba kamilifu inayotokana nayo ina tarakimu 77.

Mwanahisabati Eugène Catalan aliona jambo la kuvutia: 2² − 1 ni 3, 2³ − 1 ni 7, 2⁷ − 1 ni 127, na 2¹²⁷ − 1 ni namba ya Lucas. Zote ni tasa, na kila moja ni kipeo cha inayofuata. Je, inayofuata baada ya hapo ni tasa pia? Namba hiyo ni ndefu mno hata tarakimu zake haziwezi kuandikwa zote mahali popote duniani, na swali la Catalan bado liko wazi.

M67

Habari ya pili ya mwaka 1876 ilikuwa juu ya kipeo 67. Mersenne alikuwa ameiweka M67 katika orodha yake. Namba yenyewe ni 147,573,952,589,676,412,927. Kipimo cha Lucas hakikutoa sifuri, kwa hiyo Mersenne alikosea, na M67 si tasa. Vigawo vyake havikujulikana.

Lucas alifariki bila kuviona. Ilipita miaka 27 tangu tangazo lake hadi Mmarekani Frank Nelson Cole, wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipovipata. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani mjini New York, Cole aliwasilisha jibu lake. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno, upande mmoja akakokotoa 2⁶⁷ − 1, upande mwingine akazidisha

193,707,721 × 761,838,257,287,

majibu yakalingana, naye akarudi kuketi huku ukumbi ukimpigia makofi. Inasimuliwa pia kwamba kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Huenda masimulizi haya yametiwa chumvi kidogo, lakini hesabu yenyewe yeyote anaweza kuihakiki kwa kalamu na karatasi. Kanuni ya Euler pia inatimia: kigawo kidogo ni 134 × 1,445,580 + 1. Mtu ambaye angefuata kanuni hiyo peke yake, akijaribu kigawo kimoja kila dakika bila kulala, angefika hapo baada ya siku zaidi ya 1,000. Cole alitumia njia za kupunguza vigawo vya kujaribu.

Orodha ya Mersenne ilikuwa na makosa mengine pia. Ivan Pervushin, kasisi wa Urusi, alionyesha mwaka 1883 kwamba M61 ni tasa ingawa Mersenne hakuitaja. M89 na M107 ziliongezwa mwaka 1911 na 1914. M257 iliondolewa katika karne ya 20.

Landry na Aurifeuille

Lucas alikusanya pia kazi za watu wengine na kuzifanya zijulikane. Landry, aliyetajwa hapo juu, alitumia muda mwingi kuvunja namba 2⁵⁸ + 1 na mwaka 1869 akapata vigawo vyake tasa 5, 107,367,629 na 536,903,681. Alisema kwamba hakuna namba nyingine iliyomsumbua kama hiyo. Muda mfupi baadaye Mfaransa mwingine, Aurifeuille, aliona kwamba Landry angeweza kuimaliza kwa dakika chache. Vigawo viwili vya kwanza vikizidishwa hutoa 536,838,145, na hiyo ni 2²⁹ − 2¹⁵ + 1, wakati kigawo cha tatu ni 2²⁹ + 2¹⁵ + 1. Anayejua kufungua mabano anaweza kuthibitisha kwamba zao la hizo mbili ni 2⁵⁸ + 1. Lucas alichunguza kanuni za aina hii, akazipanua na kuzipa jina la Aurifeuille, ambaye bila yeye pengine angesahauliwa.

Maelezo kamili ya njia zake Lucas aliyatoa mwaka 1878 katika makala ndefu iliyochapishwa katika juzuu la kwanza la jarida la hisabati la Marekani, American Journal of Mathematics. Lazima isemwe kwamba maandishi yake yana mapengo. Alikuwa mtu wa haraka, na baadhi ya kanuni alizitaja bila uthibitisho uliokamilika. Wala hakuchapisha hatua zote za hesabu ya M127, hivyo wengine hawakuwa na njia ya kuihakiki ila kuirudia tangu mwanzo. Mfaransa Fauquembergue alifanya hivyo mwaka 1914 na kupata sifuri: Lucas alikuwa sahihi. Uthibitisho mzuri wa kipimo chenyewe ulitolewa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer miaka ya 1930. Lehmer alikiweka katika umbo linaloanza na 4 badala ya 3, ambalo linafaa kwa vipeo vyote tasa isipokuwa 2. Kwa sababu hiyo kipimo sasa huitwa cha Lucas na Lehmer.

Mnara wa Hanoi na michezo mingine

Mwaka 1883 ilianza kuuzwa Paris michezo yenye vijiti vitatu na visahani vyenye tundu, kikubwa chini na kidogo juu. Mchezaji anatakiwa kuhamisha mnara wote kwenye kijiti kingine, akisogeza kisahani kimoja kwa wakati na bila kuweka kikubwa juu ya kidogo. Mtunzi alitajwa kuwa Profesa N. Claus wa Siam, wa chuo cha Li-Sou-Stian. Hakukuwa na profesa wa namna hiyo. Ukizipanga upya herufi za jina lake unapata Lucas wa Amiens kwa Kifaransa, na herufi za chuo chake zinatoa Saint-Louis, shule aliyofundisha.

Visahani vitatu vinahitaji hatua 7, vinne 15, vitano 31. Kwa ujumla idadi ya hatua ni kipeo cha 2 kasoro 1, yaani ni zilezile namba zilizomshughulisha katika kazi yake nzito. Hadithi iliyoambatana na mchezo ilisimulia juu ya makuhani wanaohamisha visahani 64 vya dhahabu, na ya kwamba wakimaliza dunia itakwisha. Hatua zinazohitajika ni 18,446,744,073,709,551,615. Kwa hatua moja kila sekunde ni zaidi ya miaka bilioni 580.

Namba hii kubwa, licha ya ukubwa wake, huvunjika kirahisi. Kipeo chake ni 64, na mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua tofauti ya miraba miwili anaweza kuigawa kuwa (2³² − 1)(2³² + 1), kisha sehemu ya kwanza kuigawa tena, na tena, hadi apate 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × (2³² + 1). Hiyo ya mwisho ndiyo Pierre de Fermat alidhani ni tasa, na Euler mwaka 1732 akaonyesha ni 641 × 6,700,417. Ongeza visahani vitatu tu kwenye mnara huo, viwe 67, na idadi ya hatua inakuwa M67, ambayo ilimshinda Lucas mwenyewe. Ukubwa wa namba peke yake hausemi lolote kuhusu ugumu wa kuivunja.

Lucas aliandika vitabu vya burudani za hisabati, Récréations mathématiques, ambavyo juzuu la kwanza lilitoka mwaka 1882 na mengine mawili ya mwisho baada ya kifo chake. Alieneza pia mchezo wa kuunganisha nukta kwa mistari ili kufunga visanduku, ambao wanafunzi hucheza hadi leo kwenye kurasa za mwisho za madaftari. Mwaka 1875 aliuliza swali la risasi za mizinga, ambalo huenda lilitokana na miaka yake jeshini: ni lini rundo la umbo la piramidi yenye kitako cha mraba linaweza kutandazwa chini likawa mraba kamili? Alisema jibu ni moja tu, mbali na rundo la risasi moja: safu 24, jumla 4,900, ambazo ni 70 × 70. Uthibitisho kamili ulitolewa na Mwingereza G. N. Watson mwaka 1918. Aliwahi pia kumpa mhandisi wa reli Henri Genaille tatizo la kurahisisha kuzidisha, na Genaille akalijibu kwa kutengeneza vijiti vilivyoandikwa namba, vinavyomwezesha mtu kusoma jibu la kuzidisha bila kubeba tarakimu kichwani.

Kifo

Mwaka 1891, mwaka uliotoka juzuu la kwanza la kitabu chake Théorie des nombres, Lucas alihudhuria mkutano wa mwaka wa chama cha maendeleo ya sayansi cha Ufaransa, uliofanyika Marseille. Katika karamu ya mkutano mhudumu aliangusha sahani, na kipande kimoja kiliruka kikamkata Lucas shavuni. Jeraha lilikuwa dogo. Lakini liliingiwa na vijidudu, akapata erisipela, ugonjwa wa ngozi unaovimba na kuambatana na homa kali. Dawa za kuua bakteria hazikuwapo bado. Alifariki Paris siku chache baadaye, tarehe 3 Oktoba 1891, akiwa na umri wa miaka 49. Majuzuu ya Théorie des nombres yaliyokusudiwa kufuata hayakutoka.

Baada yake

Tarehe 30 Januari 1952 Raphael Robinson alitumia kompyuta ya SWAC kule Los Angeles kufanya kipimo cha Lucas na Lehmer, na katika siku hiyo moja zilipatikana namba mbili mpya za Mersenne zilizo tasa, M521 na M607. Tangu mwaka 1996 kuna mradi wa intaneti unaowawezesha watu wa kawaida kutumia kompyuta zao kutafuta namba hizi. Oktoba 2024 mradi huo ulitangaza kwamba 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 ni tasa. Namba hiyo ina tarakimu 41,024,320, na kipimo cha Lucas na Lehmer kilitumika kuithibitisha.

Tofauti aliyoionyesha Lucas kati ya kujua kwamba namba si tasa na kuvijua vigawo vyake imepata matumizi ambayo yeye asingeweza kuyafikiria. Mfumo mmoja wa kulinda siri katika mawasiliano, uliobuniwa mwaka 1977, huchukua namba mbili tasa kubwa na kuzizidisha. Kuzitafuta hizo namba tasa ni kazi ya muda mfupi kwa kompyuta. Kulivunja zao lake hakujawezekana zikiwa kubwa vya kutosha. Mtu anapofungua tovuti ya benki akiwa Mafinga, Mombasa au Bukavu, usalama wake unaweza kuwa unategemea jambo hilo.

Na hali iliyoikumba M67 kati ya mwaka 1876 na 1903 haijaisha. Namba M1277 ina tarakimu 385. Kipimo cha Lucas na Lehmer kilishaonyesha kwamba si tasa. Hadi mwaka 2024, pamoja na kompyuta zote zilizopo, hakuna kigawo chake kilichokuwa kimepatikana.